Mkebe wa Chai Nyuma ya Jiko la Achol

Nyinyi mnaoshika zamu siku hizi mmelikuta swali la pombe limeshakaa kwenye kompyuta, katikati ya presha na sigara. Mnaliuliza huku macho yakiwa kwenye kioo, mgonjwa anasema hapana, mnabonyeza, mnaendelea. Siwalaumu. Foleni ni ndefu na jua la Lodwar halina huruma na mtu. Lakini mmeniomba niwaeleze tulivyokuwa tukifanya kazi, basi nitaanzia kwenye hiyo hapana yenu, kwa sababu nimeisikia tangu ikiwa changa.

Ya kwanza ninayoikumbuka ilitoka kwa mzee mmoja wa Kanamkemer, hapa hapa Lodwar, mtu wa heshima zake mtaani, aliyekuja kupimwa presha. Ulikuwa mwaka 2012, tumetoka mafunzoni juzi juzi, kila muuguzi na kadi yake ya maswali ikining'inia shingoni. Nikamuuliza kama anatumia pombe. Akasema yeye ni mtu wa soda. Povu la pombe ya busaa lilikuwa bado kwenye sharubu zake. Nikaandika soda, nikampima presha, nikamwambia arudi. Mngefanya nini? Ukianza kumbishia mtu kuhusu sharubu zake hatarudi, na presha yake itaondoka naye. Alirudi mara kadhaa, na siku moja, hata sijamuuliza, akasema, "Sista, ile soda naona imezidi." Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Mafunzoni tulikuwa tumeambiwa maswali hayo yaulizwe faraghani. Ni jambo la busara, hata leo nalikubali. Tukatenga chumba chenye pazia. Bahati mbaya pazia lilelile ndilo lililokuwa la kupimia Ukimwi, na mji mzima unalijua. Wanaume wakifika mlangoni wanaliona, wanakumbuka kwamba wameacha mbuzi bila mchungaji. Mmoja alikimbia na kipimajoto chetu kikiwa bado kwapani, tukaletewa na mkewe siku ya pili. Mwishowe tukahamisha maswali yakawa kwenye mzani. Kila mtu anapimwa uzito, kila mtu anaulizwa, kwa sauti ya chini, huku amesimama na anaangalia mshale. Mtu anayeangalia mshale hana habari na uso wako, na wewe huna haja ya kumkazia macho.

Jambo jingine, kalamu ilazeni mezani. Waturkana wengi wa umri wangu wameiona kalamu ikiinuliwa na askari na machifu zaidi kuliko walivyoiona ikiinuliwa na mwalimu. Uliza kwanza, sikiliza, mgonjwa akitoka ndipo uandike.

Tena muwe na jibu lenu tayari. Nilimuuliza bibi mmoja aliyetoka Namoruputh, ametembea mpaka miguu imekuwa myeupe kwa vumbi, kama anakunywa. Akajibu vizuri tu, bila aibu, kwamba anakunywa kukiwa na sherehe na pia kukiwa na njaa. Kisha akaniuliza, "Na wewe?" Nikababaika. Kadi haikuwa na sehemu ya mgonjwa kumuuliza muuguzi. Nikamwambia nakunywa Krismasi. Akanitazama, akasema Krismasi iko mbali sana, pole. Tangu siku ile sijawahi kuuliza swali ambalo mimi mwenyewe siwezi kulijibu.

Lakini niliyoketi hapa kuwasimulia ni habari ya Lokwang, na ilitokea Kakuma, nilikohamishiwa kabla mwaka ule haujaisha.

Kliniki yetu ilikuwa upande wa mjini, karibu na kambi, kwa hiyo tulitibu wenyeji na wakimbizi pamoja. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa afisa wa kliniki anayeitwa Simiyu, mtu wa Bungoma, mrefu, mtaratibu, mwenye mazoea ya kunawa mikono hata akiwa amekasirika. Watu walimwita daktari naye alichoka kuwasahihisha. Mengi ninayoyajua kuhusu kuongea na mgonjwa nilijifunza kwake. Swali kubwa kuliko yote alilonifundisha ni la mikono. Kabla hujamwambia mnywaji aache, alisema, muulize kama asubuhi, kabla hajaonja kitu, mikono inatetemeka. Kama haitetemeki, mshauri, anaweza kupunguza au kuacha akiwa nyumbani. Kama inatetemeka, usithubutu kumwambia aache leo. Mwili umeshaizoea pombe, ukiinyima ghafla unaweza kumwangusha kwa kifafa na kumuua. Huyo apelekwe hospitali, aachishwe akiwa kitandani, chini ya macho ya watu na dawa ikiwa karibu. Kama mtasahau yote niliyosema leo, hilo msilisahau.

Lokwang alikuwa mpakuaji wa magunia. Malori yakiingia Kakuma, au yakipita kwenda Lokichoggio na kushusha nusu ya mzigo kwetu, yeye na wenzake watatu ndio walioshusha. Wenzake hao ndio waliomleta kwetu alipoanza kukohoa damu, wakimshika huku na huku. Aliyeongoza alikuwa Ebei, jitu la kifua kipana, sauti kubwa, asiyejua kunong'ona hata kanisani. Tulimpima Lokwang tukakuta kifua kikuu, tukamwanzishia dawa. Kila asubuhi anakuja kumeza mbele yetu, na kila asubuhi Ebei yuko mlangoni anamngoja.

Tulimuuliza kuhusu pombe akiwa kwenye mzani, desturi niliyotoka nayo Lodwar. Akasema kidogo. Hakutudanganya. Kazi ikiisha, wanne hao huketi nyuma ya jiko la mama mmoja wa Sudan Kusini, Achol, Mkristo wa kila Jumapili na mpishi wa busaa siku nyingine zote. Mkebe unakuwa mmoja. Unazunguka, ukiisha unajazwa, unazunguka tena. Hakuna anayejua amekunywa kiasi gani, kila mmoja ameonja tu akampa mwenzake. Kadi yetu iliuliza glasi, na pale hakukuwa na glasi.

Kwa hiyo tulichelewa kujua. Tulijua pale macho ya Lokwang yalipogeuka manjano na chakula kikawa hakikai tumboni. Simiyu akamkalisha, akamweleza polepole kwamba dawa ya kifua hupita kwenye ini, busaa nayo hupita hukohuko, na ini lake limechoka. Ikabidi dawa zisimamishwe kwanza ini lipumue, halafu zirudishwe taratibu. Akiendelea na busaa, dawa hazitarudi. Dawa zisiporudi, kifua kitamuua. Akamuuliza kuhusu mikono. Haikutetemeka. Basi Simiyu akamshauri aache kabisa, na akaongeza yale yaliyokuwa kwenye kadi, kwamba njia nzuri ni kukaa mbali na marafiki anaokunywa nao.

Lokwang akaitikia kwa kichwa. Sasa, vijana, wagonjwa karibu wote huitikia kwa kichwa, na sisi tumeshazoea kutotegemea sana vichwa hivyo. Huyu alikuwa mmoja wa wachache waliotii.

Macho yakarudi kuwa meupe. Dawa zikarudishwa. Simiyu alifurahi, nami nilifurahi. Kitu ambacho hatukukiona ni kwamba mlangoni asubuhi Ebei hayupo tena. Halafu Lokwang naye akawa hayupo.

Nilikwenda kumtafuta. Ofisini walishasema amerudi kwenye busaa, kwamba wanywaji ndivyo walivyo. Nilimkuta amelala kwenye kibanda chake, amekonda kuliko siku aliyoletwa, na hakunuka pombe hata chembe. Nikamsalimu, "Ejok." Akaitika kwa shida. Nikamuuliza kwa nini haji kumeza dawa.

"Dawa inataka chakula," akasema. "Chakula inataka kazi. Kazi hakuna."

"Malori yameacha kuja?"

"Malori iko. Mimi hawaniiti."

Mimi ni Mturkana, ningepaswa kulifikiria hilo bila kuambiwa, lakini vazi jeupe nalo lina namna yake ya kukusahaulisha kwenu. Lori likipiga honi, wanaoitwa ni walioketi kwenye mduara. Asiyekuwepo haitwi. Na hilo si baya zaidi. Kwetu mtu anayewapita wenzake wameketi, asisimame, asipokee mkebe, ametamka jambo zito bila kufungua mdomo. Ama ana kinyongo nao, ama anaamini mmoja wao amemtilia kitu. Lokwang alianza kukohoa akiwa anakunywa na Ebei. Kisha akaacha kunywa na Ebei. Ebei akajumlisha mwenyewe, akanuna, akakataza jina la Lokwang lisitajwe pale.

"Kwa nini hukuwaambia ni shauri ya dawa?"

"Daktari alisema nikae mbali. Nikaenda kuongea nao, hiyo itakuwa mbali?"

Nilimpa chai na mkate niliokuwa nao, nikarudi kliniki.

Simiyu alinisikiliza huku ananawa mikono, akaendelea kunawa hata nilipomaliza. Alijua, kama mnavyojua nyinyi, kwamba mtu akimeza dawa za kifua leo na kuziacha kesho, ugonjwa hurudi na ukali ambao vidonge vile haviuwezi tena. Na Lokwang hakuwa na mwili wa kungoja mkutano wa wakuu. Tukarudi kwake pamoja. Simiyu akamwomba ruhusa kwanza, maana siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa hata ikiwa inamuua. Lokwang akakubali, kwa sharti kwamba atasema yeye mwenyewe.

Tukaenda kwa Achol mchana, malori yameshashushwa. Walikuwa wameketi kwenye kivuli cha turubai, Ebei katikati. Walipomwona Lokwang nyuma yetu wakageuza nyuso. Wakampisha Simiyu nafasi, ni mgeni, na mkebe ukamfikia. Akaupokea kwa mikono miwili. Nikaona hajui aufanye nini.

"Nikinywa nikiwa kazini nitafukuzwa," akasema.

Wakacheka kidogo. Achol akatoka jikoni na kanga yake ya shughuli, akamnyang'anya mkebe ule, akamletea mwingine wa namna ileile, umejaa chai ya rangi.

"Kunywa hii, ya daktari," akasema. "Hata padri akikuja hapa, mimi napea yeye chai na mkebe. Anakaa na watu. Kalas, hakuna maneno."

"Padri ni padri," Ebei akasema. "Daktari ni daktari. Na huyu anasimama huko kama mtu ya kodi, yeye ni nani?"

Lokwang akasogea. Alikuwa dhaifu, nikataka kumshika, akanikwepa.

"Dawa yangu na busaa zinapigana ndani ya tumbo," akasema. "Si nyinyi, Ebei. Ni dawa."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliambiwa nikae mbali na nyinyi."

"Nani alisema?"

Simiyu akauweka mkebe wake mchangani.

"Mimi ndiye niliyesema," akajibu. "Nilikosea. Nilitaka awe mbali na busaa. Nyinyi sikuwajua."

Ebei akamgeukia. Niliogopa, nasema wazi, kwa sababu mkono wa mtu yule ulikuwa mpana kama sahani na sisi wawili tulikuwa tumezoea kushika sindano. Kisha akasogea kwenye gogo alilokalia, ikabaki nafasi kando yake.

"Basi aandike," akasema. "Kama chai ni dawa, daktari aandike. Mtu akiuliza kwa nini huyu anapitwa na mkebe, niko na karatasi."

Simiyu akatoa kijitabu chake cha kuandikia dawa, akaandika jina la Lokwang, akaandika chai, akatia sahihi. Ebei, ambaye hakujua kusoma, aliikagua kwa makini, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati. Lokwang akaketi. Mkebe wa busaa ulipomfikia aliupokea, akampitishia Ebei bila kuonja, halafu akanywa kwenye mkebe wake wa chai. Siku ya pili lori liliingia kutoka Kitale nao wakamwita. Hakuweza kubeba gunia, wakamweka ahesabu wanayobeba wao.

Nawaambia mambo haya kwa kuwa najua mnafundishwa bado kumwambia mgonjwa aachane na marafiki wa pombe. Pengine kuna miji mtu anaweza kuwa na marafiki wa pombe kwa upande mmoja na marafiki wa maisha kwa upande mwingine. Huku kwetu ni watu walewale. Siku hizi mtu akiniambia anakunywa, namuuliza anakaa na nani, nani huwa wa kwanza kupokea, na akiugua ni nani humleta. Mara nyingi ni jina lilelile. Jina hilo ndilo ninaloomba nilione kliniki.

Lokwang alimaliza dawa mwishoni mwa 2013. Simiyu alikuwa ameshapata uhamisho, kwa hiyo niliyemwambia kwamba amepona ni mimi. Aliuliza kama sasa anaruhusiwa busaa. Nikamwambia ini lake limeona mengi, ni heri aliache lipumzike, lakini uamuzi ni wake. Akasema chai ya Achol si mbaya, ameshaizoea, ila sukari ni kidogo.

Siku chache baadaye Ebei akaingia. Peke yake, tena asubuhi, saa ambayo watu wa malori hawaonekani kliniki. Alisimama kwenye mzani bila kuambiwa. Akatoa mfukoni ile karatasi, imechakaa mpaka mikunjo imetoboka, akaniwekea mezani.

"Lokwang amepona," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akiongea chini. "Hii kazi yake imeisha. Sasa mimi niandikie yangu."

Nilikuwa tayari kucheka. Nimewahi kusikia maombi mengi kliniki, lakini la mtu mzima kuandikiwa chai sikuwahi. Nikaishika kalamu. Kisha nikakumbuka swali la Simiyu, nikailaza tena.

"Ebei, weka mikono hapa mezani."

Hakutaka. Nikangoja. Akaiweka. Ile mikono mipana ilitetemeka mpaka karatasi iliyokuwa chini yake ikawa inapiga mezani. Akaitazama naye kana kwamba ni ya mtu mwingine, halafu akaikalia.

"Inanyamaza nikionja," akasema. "Kila asubuhi sasa. Nilifikiri nikipata karatasi itaacha."

Kumbe wakati wote ule ambao tulikuwa tukimpigania Lokwang, aliyekuwa katika hatari zaidi ndiye aliyekuwa mlangoni akimngoja. Yeye hakuwahi kupanda mzani. Hakuwa mgonjwa, alikuwa msindikizaji, na msindikizaji haulizwi.

Nikamweleza kwamba siwezi kumwandikia chai. Akiacha ghafla hapa Kakuma anaweza kuanguka na asiinuke, lazima aachishwe hospitalini, Lodwar, akiwa kitandani. Na mpaka tutakapoondoka asijaribu kuacha mwenyewe. Alinisikiliza vizuri mpaka nilipotaja Lodwar. Hapo akasimama. Watu wanaopelekwa Lodwar wanalala peke yao, akasema, na yeye hajawahi kulala peke yake tangu azaliwe. Nikajua akitoka mlango ule sitamwona tena. Sikuweza kumzuia, mnielewe, mlango ulikuwa nyuma yake na mimi nafika kifuani kwake. Nikamwomba kitu kimoja tu, anikubalie nimwite Lokwang. Akasita, kisha akaketi.

Gari la kliniki liliondoka siku hiyohiyo. Mimi nilikaa mbele, nimebeba dawa ya kumtuliza kama angepatwa na kifafa njiani. Nyuma alikaa Ebei, ameikumbatia mikono yake, na kando yake Lokwang na chupa ya chai aliyopewa na Achol, ameishikilia kati ya magoti kwenye mashimo yote ya barabara ile mnayoijua.

Hospitalini tulipokelewa na karani kijana, msafi, wa umri wenu. Akaandika jina la Ebei. Akaandika anakotoka. Kisha akamgeukia Lokwang, akamuuliza kama yeye ndiye atakayebaki na mgonjwa, na ni nani wake.

"Ndiyo, mimi nabaki," Lokwang akasema.

"Wewe ni nani wake? Ndugu? Jirani?"

Lokwang akaiweka chupa ya chai juu ya meza ya karani.

"Nakunywa na yeye," akasema.

Karani akasimamisha kalamu. Akamtazama, akanitazama mimi, akingoja nimpe neno jingine linalofaa kuandikwa.

"Andika hivyohivyo," nikamwambia.